Kilo Moja Ndani ya Mia

Bibi mmoja wa Fuoni, Unguja, hufuga kuku chotara uani kwake, na chakula chao hukichanganya mwenyewe. Nimemkuta barazani, ungo mapajani, akipepeta habasoda. Makapi yanaruka, mbegu zinabaki. Kisha anazipitisha vidoleni: anatoa kijiwe, anatoa kijiti, anarudia tena.

Mbegu hizi amezikausha kivulini. Jua, anasema, linaiba harufu. Ni kweli, kwani mafuta mepesi ya habasoda, yenye thaimokwinoni inayodhoofisha baadhi ya bakteria, hupotea hewani kwa joto. Tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo, Januari 2006, watafiti wengi wamezijaribu mbegu kama hizi badala ya dawa hizo kwa kuku wa nyama. Mara nyingi habasoda hutiwa asilimia 1 hivi ya chakula, na katika baadhi ya majaribio kuku wameongeza uzito na kinga.

Anatwanga taratibu, akiuacha mchi ushuke kwa uzito wake, mpaka zipatikane chenga.

“Zikiwa nzima watazichagua, mwanangu. Zikiwa unga zitabaki chini ya chombo.”

Sasa inakuja kazi niliyoipenda kuliko zote. Kilo moja ya chenga haitupwi juu ya lundo la kilo mia. Anaitia kwenye beseni pamoja na kilo moja ya pumba za mahindi, anasugua kwa viganja mpaka rangi iwe moja. Anaongeza pumba kilo 2, anasugua. Kilo 4. Kilo 8. Hapo ndipo anapomwaga kwenye turubai, juu ya pumba zilizobaki, mashudu ya alizeti, dagaa waliochekechwa mchanga, chokaa na chumvi. Kwa chepeo anahamisha lundo zima upande wa pili, analirudisha, analihamisha tena.

Halafu anachota konzi moja kila pembe na moja katikati, anazitandaza kwenye sahani nyeupe. Konzi ya nne ina chembe nyeusi chache. Hasemi neno, anachukua chepeo, anaanza upya.

Na chanjo ya kideri haachi: kila miezi mitatu, tone moja jichoni mwa kila kuku. Habasoda haishiki nafasi yake.

Nawe unayefuga, nunua habasoda nzima, uitwange siku ile ile unayochanganya.