Chozi la Damu ya Kuku

Nusu saa imepita. Fundi wa maabara anainyanyua sahani ya plastiki, anaiinamisha mbele ya karatasi nyeupe hadi ikaribie kusimama, kisha anatulia. Chini ya baadhi ya vishimo kuna alama nyekundu, duara, ndogo kama kifungo cha shati. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu vifungo vinaanza kuteleza, kila kimoja kikivuta mkia mwembamba, hadi vinakuwa machozi. Anayahesabu, anaandika namba, anaiweka sahani chini na kuchukua nyingine.

Sahani hiyo ina safu nane za vishimo kumi na viwili, jumla 96. Aliyekulia pwani ataielewa upesi: panga mbao tatu za bao pamoja, na vishimo vyake vitakuwa hivyo hivyo 96. Na kama ilivyo kwenye bao, asiyejua huona mashimo tu, anayejua huona mchezo mzima. Swali linaloulizwa hapa ni hili: mtu huyu alipochanjwa homa ya mafua, mwili wake uliitikia kwa kiasi gani? Wawili wanaweza kuchanjwa asubuhi moja, kwa dozi ileile, na baada ya wiki nne mmoja ana kingamwili tele, mwenzake kama hakuguswa. Tunapouliza iwapo tofauti hiyo imetoka kwa wazazi wao, jibu lolote tutakalopata limepita kwanza kwenye jicho la fundi huyu. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi yake.

Kipimo chenyewe kilianza na mshipa uliochanika. Mwaka 1941, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, George Hirst alikuwa akivuna majimaji kutoka kwenye mayai ya kuku aliyoyapandikiza virusi vya homa ya mafua. Damu ya kiinitete ikaingia kwenye majimaji yale, na chembe nyekundu zikagandamana mafungu mafungu. Wengine wangemwaga na kuanza upya. Hirst alitazama. Alitambua kwamba virusi ndivyo vilivyozishika chembe zile, na kwamba kinachoweza kuvizuia visishike kinaweza kupimwa.

Virusi vya mafua vina miiba, na kwa miiba hiyo hunasa chembe nyekundu na kuziunganisha kama wavu. Wavu ukishafumwa, hutanda chini ya kishimo kama zulia jekundu lisilosogea hata uinamishe sahani vipi. Lakini kama seramu ya aliyechanjwa, yaani maji ya damu yake yasiyo na chembe, ina kingamwili za kutosha, kingamwili hizo huifunika miiba, chembe hubaki huru, huzama na kukusanyika katikati. Hizo ndizo zinazoteleza. Kila chozi maana yake ni kwamba katika kishimo kile kingamwili zimeshinda.

Fundi huizimua seramu hatua kwa hatua: sehemu moja kwa 10, kwa 20, kwa 40, kwa 80, hadi kwa 1,280. Hizo ni hatua nane, kama vishimo vya safu moja ya bao. Chozi la mwisho linapoonekana ndipo jibu lilipo. Arobaini ni namba inayoheshimika sana katika fani hii: kwa desturi huhesabiwa kuwa kiwango kinachoendana na kupungua kwa hatari ya kuugua kwa karibu nusu.

Yote haya yana miiko yake. Seramu hulazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37 pamoja na kimeng'enya kinachotokana na bakteria wa kipindupindu, ili kuondoa vitu vya damu vinavyoiga kazi ya kingamwili, halafu hupashwa hadi nyuzi 56 kwa nusu saa. Virusi hupimwa upya kila siku ya kazi, kwa sababu vikizidi vinameza kingamwili, vikipungua kila mtu ataonekana shujaa. Damu ya kuku, au ya bata mzinga, huoshwa kwa utaratibu na kuzimuliwa hadi nusu asilimia. Aina za H3N2 za miaka ya karibuni zinashika chembe za ndege kwa shida, kwa hiyo maabara nyingi zimehamia damu ya simbilisi, ambayo hutulia polepole zaidi na kumtaka fundi angoje saa nzima.

Mwiko ninaoupenda kuliko yote ni huu: seramu ya kabla ya chanjo na ile ya baada ya chanjo ya mtu mmoja hupimwa siku moja, bega kwa bega. Na tofauti ya kishimo kimoja haihesabiwi. Hiyo inaweza kuwa mtikisiko wa mkono tu. Ni pale machozi yanapoongezeka kwa vishimo viwili, yaani kingamwili zimepanda mara nne, ndipo fundi anakubali kuandika kwamba mwili umeitikia. Kwa mtu anayetafuta athari za vinasaba, nidhamu hiyo ndiyo msingi, kwani athari ndogo huzama kabisa ndani ya uzembe mdogo.

Mwanzoni mwa 2015, Petter Brodin, Mark Davis na wenzao walichapisha kazi waliyoifanya Stanford, California, kwa jozi 105 za mapacha: 78 wa kufanana na 27 wasiofanana, wa kuanzia umri wa miaka 8 hadi 82. Walipima mambo 204 ya kinga ya mwili. Mantiki yake ni nzuri kwa urahisi wake. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, wasiofanana wanagawana karibu nusu. Jambo likiwa la kurithi, wa kufanana watakaribiana zaidi. Katika robo tatu na ushee ya vipimo, maisha yalikuwa na uzito kuliko urithi. Na kwenye chanjo ya mafua, hawakuweza kuona mchango wowote wa urithi katika kiasi cha kingamwili. Historia ya mtu, yaani mafua aliyowahi kuugua, chanjo alizowahi kupata, na virusi anavyoishi navyo kimyakimya, ilikuwa imefunika kila kitu.

Hapo wengi wangefunga daftari. Lakini chanjo ya mafua haikuwa kitu kimoja. Kwa miaka kadhaa ilibeba miiba ya aina nne za virusi: mbili za kundi A, mbili za kundi B. Na waliochanjwa wengi huitikia kwa nguvu aina moja, nyingine wakazipita juu juu. Mwishoni mwa 2024 kundi la Stanford, Vamsee Mallajosyula akiongoza na Davis akiwamo, lilirudi kwa mapacha na swali lililogeuzwa kidogo: mbali na kiasi, mwili unaelemea aina ipi? Safari hii vinasaba vilijitokeza. Mapacha wa kufanana walielekea kuelemea upande mmoja, na watoto wachanga, ambao historia yao na mafua ni fupi mno, nao walikuwa na mwelekeo wao. Nguvu kubwa ilionekana kutoka kwenye HLA, molekuli ambazo maelekezo yake yako kwenye kromosomu ya sita.

Kazi ya HLA ni kuonyesha. Seli B, seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, ikinasa mwiba wa kirusi huumeza, huukatakata, na kuviweka vipande kwenye mfereji wa HLA ili wasaidizi wake, seli T, wavione na kuruhusu kingamwili zitengenezwe. Umbo la mfereji huo tunalirithi. Vipande vya mwiba wa aina ya H3 vikikaa vizuri kwenye mfereji wako na vya aina ya H1 vikateleza, msaada utaenda kwa H3, hata kama sindano ilikuwa na vyote kwa kiasi sawa.

Mallajosyula na wenzake wakaunganisha miiba yote minne kwenye umbo moja. Seli B inayotambua mmoja tu inalazimika kuimeza yote, na hivyo kupata vipande vingi zaidi vya kuonyesha. Waliijaribu chanjo hiyo kwenye mafindofindo ya binadamu, nyama iliyokatwa hospitalini na ambayo kwa kawaida hutupwa. Seli zake hutenganishwa, huwekwa kwenye vishimo, na humo zenyewe hujipanga upya kama zilivyokuwa kooni na kuanza kutoa kingamwili. Katika kishimo kimoja hudondoshwa chanjo ya kawaida, katika cha jirani ile iliyounganishwa. Hakuna mtu aliye hai anayeweza kuchanjwa kwa mara moja ileile chanjo mbili tofauti ili zilinganishwe. Mafindofindo yake yanaweza, yakiwa na vinasaba vilevile, historia ileile, yakisubiri kusomwa bega kwa bega kwenye sahani moja.