Milio ya Kiyoyozi Kizima

Katika miezi ya Kaskazi, joto la Dar es Salaam na Mombasa linapochanganyika na unyevu wa bahari hata usiku nao usiwe na nafuu, wengi waliojaaliwa kuwa na kiyoyozi nyumbani humwita fundi kwa ajili ya sauti ambazo, lau wangalizijua asili yake, zisingaliwatia wasiwasi. Na fundi asiye mwaminifu huwajibu kwa neno moja tu, kwamba gesi imepungua.

Natuifuate kazi ya chombo chenyewe. Rimoti ikishabonyezwa, feni ya ndani huanza kuvuma, ilhali kompresa iliyoko nje yaweza kunyamaza kwa dakika 3 hivi, hususan ikiwa ilizimwa punde tu. Kimya hicho ni hadhari waliyoiweka waundaji kwa makusudi: gesi iliyobanwa upande mmoja wa mabomba haina budi kupewa nafasi ya kulingana na ile ya upande wa pili, kwani kompresa ikilazimishwa kuanza dhidi ya shinikizo kubwa, mota yake huelemewa na yamkini ikaungua.

Kisha husikika "ta" moja kavu ya swichi ya ndani, ukafuata mngurumo wa kompresa, na baada yake mchirizo mwembamba, "sss", chumbani. Hapo ndipo penye siri yote ya ubaridi. Gesi, mathalan ile iitwayo R410A, iliyokwisha kugeuka kimiminika huko nje kwa shinikizo lipatalo mara 25 au zaidi ya lile la hewa tuivutayo, hupenyezwa katika njia nyembamba mno, shinikizo likaanguka ghafula hadi mara 9 hivi, nayo ikaanza kuchemka katika baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, ikilinyonya joto la chumba. Chombo kizimwapo, mchirizo huo hugeuka mgugumio kama wa maji, maana kimiminika kilichosalia kinatafuta mizani yake. Mtatariko wa plastiki usiku wa manane nao ni kifuniko kinachonywea na kutanuka, basi.

Maji yadondokayo nje huwahuzunisha watu bure, kwani ni unyevu uliotolewa katika hewa ya chumba. Mhandisi Willis Carrier, alipobuni mtambo wake wa kiyoyozi mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, alikusudia hasa kuondoa unyevu, kwani karatasi zilikuwa zikitanuka na rangi zisikae mahali pake. Pwani yetu, ambako hewa imejaa mvuke, maji hayo ni ushahidi wa kazi njema. Yakidondokea ndani, hapo mrija wake umeziba.

La kuogopwa ni jingine: vyuma vikikwaruzana, mshindo uliozuka jana usiokuwapo juzi, au harufu ya kuungua, hapo zima umeme kwenye swichi ya ukutani, ndipo umwite fundi. Barafu ikiganda juu ya mabomba, tazama kwanza chujio, kwa kuwa vumbi aghalabu ndilo lililoizuia hewa. Na kama kweli gesi imepungua, fahamu kwamba haiishi kwa kutumika, bali huzunguka ile ile miaka nenda miaka rudi ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikipungua, imevuja. Basi kabla hujamlipa fundi kwa kuijaza, mtake akuonyeshe inapovujia na apazibe kwanza.