Ustadi wa Kuinyima Seva Kazi

Mtu akisema anakwenda kusimamisha seva ya Jenkins, wengi huona ni kibarua cha dakika kumi: pakua, sakinisha, washa, fungua kivinjari kwenye poti 8080, basi. Kuiwasha kweli hakuchukui zaidi ya hapo. Ila seva iliyowashwa bado haijasimama, na katika pengo hilo ndimo ulimo ufundi ninaousifu, ambao kwa sehemu kubwa ni ufundi wa kuinyima mashine kazi ambazo yenyewe iko tayari kuzifanya.

Kohsuke Kawaguchi alianza kuandika programu hii mwaka 2004 akiwa mhandisi wa Sun Microsystems, ikiitwa Hudson. Jina la Jenkins lilikuja 2011, baada ya mzozo na Oracle iliyokuwa imeinunua Sun. Shabaha yake ilikuwa nyepesi kueleza: kila msanidi anapotuma mabadiliko ya msimbo, kompyuta iyajenge na kuyajaribu papo hapo, kabla kosa halijafunikwa na kazi ya wenzake. Timu ikiwa ndogo, mashine moja hupokea, hujenga, hupima na kutangaza matokeo, na hakuna anayelalamika. Mtego umo humo. Jenkins mpya huja na nafasi mbili za kuendeshea kazi ndani ya seva kuu yenyewe. Fundi anayejua huingia kwenye mipangilio akaandika sifuri. Kazi yoyote inayoendeshwa hapo hubeba mamlaka ya mtumiaji yuleyule anayemiliki saraka nzima ya Jenkins, kwa hiyo skripti ya mistari miwili, iliyoandikwa na yeyote aliyeruhusiwa kubadili mradi mmoja, inaweza kusoma siri za miradi yote. Seva kuu ni karani wa bandarini: huandika kilichoingia, huwaita wapagazi, hupokea taarifa zao. Siku karani atakapoanza kubeba magunia, daftari litabaki wazi mezani. Magunia yaachiwe mashine nyingine, mawakala, ambazo hata zikiharibika hakipotei kitu cha kudumu.

Programu-jalizi nazo zinapimwa kwa mizani hiyohiyo. Zipo zaidi ya 1,800, na kila moja inavutia siku inaposakinishwa; baadaye ni msimbo wa mtu mwingine unaoishi ndani ya seva yako na kudai masasisho. Anayedhani huu ni uoga aangalie udhaifu wa Jenkins yenyewe, si wa programu-jalizi, uliotangazwa Januari 2024, CVE-2024-23897. Maktaba iliyosoma amri za Jenkins ilikuwa na hisani moja: ukiandika alama ya @ na kufuatisha njia ya faili, yenyewe huweka hapo yaliyomo kwenye faili. Kwa hisani hiyo, hata mtu asiye na akaunti aliweza kuchungulia mistari ya mwanzo ya faili za seva. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuizima. Hapakuongezwa ukuta wala mlinzi. Kiliondolewa kitu kimoja ambacho seva haikukihitaji.

Watu wa timu ndogo watasema haya ni mambo ya wenye fedha, wao hawana mashine ya pili. Hoja yao ina uzito, lakini wakala anaweza kuwa kompyuta ya zamani iliyokuwa ikila vumbi kabatini, na hata mtumiaji wa pili asiye na mamlaka, ndani ya mashine ileile, ni afadhali kuliko hakuna. Hoja nzito zaidi ni ya wanaouliza kwa nini kuhangaika ilhali huduma za kukodi zipo. Kwa miradi mingi, wakodi tu. Sioni fahari yoyote katika kulinda diski usiku. Lakini kuna msimbo usioruhusiwa kutoka nje ya jengo, na kuna programu zinazopimwa kwenye bodi ya umeme iliyochomekwa mezani, ambayo huwezi kuichomeka kwenye kompyuta iliyo ng'ambo. Na hata anayekodi bado ataamua nani ashike funguo na kazi ipi iendeshwe wapi.

Basi fundi akimaliza, kazi yake haionekani sana. Mipangilio imo kwenye faili za maandishi, ndani ya hazina ileile inayotunza msimbo. Matokeo ya zamani hufutwa kwa ratiba, maana diski iliyojaa huisimamisha timu nzima. Nakala rudufu huchukuliwa kila usiku, na faili ya master.key, inayofungua siri zote, huhifadhiwa mbali nayo ili atakayeiba moja asipate zote mbili. Halafu, mchana kweupe, wenzake wote wakiwapo, huchukua mashine tupu na kujaribu kuisimamisha seva upya kwa nakala hizo, huku ile ya kwanza ingali hai.