Sekunde Kumi Nyuma ya Pini

Tufe la bolingi linaweza kuwa na uzito wa hadi kilo 7.26. Mchezaji mzuri huliachia kwa kasi ya kilomita 26 au 27 kwa saa, likateleza juu ya mbao zilizopakwa mafuta kwa mita 18.29, kisha likazivamia pini kumi zilizosimama kwa umbo la pembetatu. Kishindo kikisikika, watazamaji hushangilia au huguna, halafu huendelea na mazungumzo yao. Wakati huo kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza, nyuma ya ukuta uliochorwa mapambo ili mteja asione kitu.

Chukua hali ya kawaida kabisa. Pini saba zimeanguka, tatu zimebaki. Kati ya hizo tatu, moja imesukumwa ikasogea sentimita tano kutoka kwenye alama yake, lakini bado imesimama. Kanuni za mchezo zinasema mchezaji arushe tufe la pili dhidi ya pini hizo tatu pale pale zilipo, pamoja na ile iliyohama. Kwa hiyo zile saba zilizolala, nyingine zikiwa zimeegemea zilizosimama, ziondolewe bila kuziangusha tatu. Tufe lirudi kwa mwenyewe. Pini saba ziokotwe na kuwekwa kwenye foleni ya mpangilio ujao. Yote hayo kwa sekunde kumi hivi, na yarudiwe tena na tena kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kusimamisha pini kumi juu ya alama kumi ni jambo ambalo mhandisi yeyote wa karne ya 19 angeweza kulifikiria. Mtego uko kwenye zile tatu. Jambo linalonivutia kuliko yote katika mashine hizi ni kwamba katika miaka ya 1950 mtego huo uliteguliwa bila kompyuta, kwa vyuma, mikanda, swichi na umbo la pini yenyewe.

Kabla ya hapo walikuwako watoto. Katika kumbi za Marekani vijana wadogo walikaa kwenye ubao juu ya shimo lililo nyuma ya pini, wakisubiri tufe lipite, kisha wakarukia chini kuokota, kupanga na kusukuma tufe lirudi. Aprili 1910 mpiga picha Lewis Hine, aliyekuwa akikusanya ushahidi kuhusu ajira ya watoto, aliwapiga picha vijana wa aina hiyo kwenye ukumbi mmoja wa Brooklyn, New York, saa saba usiku. Katika maelezo ya picha aliandika kwamba watoto watatu wadogo zaidi walizuiwa na bosi wasionekane. Pini zilizoruka ziliwapiga miguuni na usoni. Baadaye kilikuja kifaa cha nusu njia: kijana aliingiza pini kwenye trei yenye matundu kumi, akavuta wenzo, trei ikashuka na kuzisimamisha. Hilo lilirahisisha upangaji. Kuokota, na kuamua ipi iondolewe na ipi iachwe, vilibaki mikononi mwa kijana.

Aliyelitatua tatizo hili ni Gottfried Schmidt, fundi wa jimbo la New York, ambaye muundo wake wa mwanzo ulinyanyua pini kwa kufyonza hewa. Haki za uvumbuzi wake zilichukuliwa na kampuni ya AMF. Kampuni hiyo ilikuwa imejijenga kwa mashine za kutengenezea sigara, yaani ilizoea kushika vitu vidogo vinavyofanana, kwa haraka na bila kuviharibu. Mwaka 1946 mashine yao ilionyeshwa hadharani mjini Buffalo wakati wa mashindano ya kitaifa. Ilikuwa kubwa mno, na bado haikuwa tayari kwa soko. Ilipita miaka sita mingine ya marekebisho kabla mashine za kibiashara hazijafungwa kwenye ukumbi mmoja wa Michigan mwaka 1952. Brunswick, kampuni kongwe iliyoanzishwa mwaka 1845 na iliyokuwa ikitawala biashara ya vifaa vya bolingi, ilifuata na mashine yake ya aina ya A mwaka 1956.

Nitaitumia familia hiyo ya A, hasa toleo lililofuata la A-2, kueleza kinachofanyika. Mashine za ukoo huo bado zinafanya kazi katika kumbi nyingi, na ndani yake kila hatua inaonekana kwa macho.

Tufe na pini zilizoangushwa hutumbukia shimoni na kugonga pazia nene. Chini yake kuna mkanda mpana, mafundi huuita zulia, unaozunguka bila kusimama na kuvisogeza vyote nyuma. Hapo hufanyika uamuzi wa kwanza: lipi ni tufe na ipi ni pini? Kipenyo cha tufe ni karibu sentimita 21.6. Pini, hata penye tumbo lake, ina sentimita 12.1 tu. Kizuizi kimewekwa mshazari kikiacha uwazi chini yake. Pini hupita chini ya kizuizi. Tufe hushindwa, likabiringika kandokando yake hadi kwenye mlango wa pembeni, ambako mkanda mwingine hulipa kasi ya kusafiri kwenye reli iliyofichwa chini ya sakafu mpaka kwa mchezaji. Ni kazi ya chekeche, isiyohitaji jicho wala umeme wa kufikiri.

Pini zilizopita huokotwa na gurudumu kubwa lililosimama wima, lenye vyumba kwenye mzingo wake. Kila chumba hubeba pini moja juu. Lakini pini zilizookotwa kutoka kwenye lundo zimekaa hovyo. Moja inatanguliza kichwa, nyingine inatanguliza kitako. Zikipelekwa hivyo kwenye meza ya kupangia, nusu zitasimama kichwachini. Je, mashine inajuaje upande upi ni wa chini?

Jibu limo ndani ya pini. Pini ina urefu wa sentimita 38.1, lakini kitovu cha uzito wake kiko karibu sentimita 14.7 tu kutoka kwenye kitako, chini kabisa ya nusu ya urefu. Gurudumu likifika juu huiachia pini kwenye trei iliyotengenezwa kwa umbo maalumu. Kwa kuwa upande wa kitako ni mzito, ndio unaoinama na kuteleza kwanza, hata kama pini ilifika ikiwa imegeuka. Nimeona watu wakilipita jambo hili haraka wanapoeleza mashine hii, kana kwamba ni sehemu ndogo. Kwangu ni nusu ya uvumbuzi wote. Fujo ya shimoni imegeuzwa kuwa mstari ulionyooka, na nguvu iliyotumika ni uzito wa pini peke yake.

Kutoka hapo pini huingia kwenye sehemu ya juu yenye vikapu kumi, tisa vikiwa vimezunguka mduara na kimoja katikati, kwa ajili ya pini namba 5 inayosimama katikati ya pembetatu. Kila pini inayotua hufanya sehemu hiyo isogee hatua moja, kikapu kitupu kikaja mahali pa kilichojaa. Yaani pini yenyewe ndiyo inayoiambia mashine iendelee. Kumi zikitimia, husubiri huko juu mpaka zihitajike. Ndiyo maana kila mashine huwa na pini 20 au 21 na si kumi: seti moja ikiwa chini mchezoni, nyingine inakusanywa juu. Bila akiba hiyo mchezaji angesubiri kila pini iokotwe kabla ya kuendelea.

Sasa tuzirudie zile pini tatu. Mara tu tufe linapogonga nyuma, reki, upau mpana wa mbele, hushuka kuziba njia. Kazi yake ya kwanza ni ulinzi, asitokee mtu akarusha tufe jingine ndani ya mashine. Hufuata kipindi kifupi cha kutulia, kwa sababu pini inayoyumba inaweza kuanguka na ni haki ya mchezaji kuhesabiwa. Kisha meza ya kupangia, yenye matundu kumi, hushuka wima juu ya pini zilizosimama. Kama kuna kichwa kinachosukuma kutoka chini, mashine inapata habari kwamba kuna pini. Kama hakuna hata kimoja, ni straiki, na mzunguko huenda moja kwa moja kwenye kufagia na kupanga upya.

Zikiwepo, taya za meza hufunga. Zinakamata wapi? Shingoni. Shingo ya pini, kwenye sehemu yake nyembamba, ina upana wa sentimita 4.6, ilhali kichwa kilicho juu yake kina sentimita 6.5. Taya zikishafunga chini ya kichwa, pini haiwezi kuchomoka hata meza ikipanda kwa kasi. Pini hunyanyuliwa, reki hufagia zilizolala hadi shimoni, kisha hurudi mbele. Meza hushuka tena, taya hufunguka, pini zinabaki zimesimama.

Tazama kilichofanyika kwa ile iliyohama sentimita tano. Mashine haikupima imehama kiasi gani, na haikuwa na haja ya kujua. Matundu ya meza ni mapana kuliko pini, na taya hubana shingo pale ilipo bila kuivuta katikati. Meza hupanda ikinyooka na hushuka ikinyooka. Haiendi kushoto wala kulia. Kwa hiyo kila pini hutua pale ilipotolewa. Kumbukumbu yote ya mashine imo katika huo mwendo wima.

Uwezo huo una kikomo. Pini ikisogea mbali kuliko upana wa tundu, meza huigonga kichwani badala ya kuizunguka. Hapo mashine iliyotengenezwa vizuri husimama badala ya kulazimisha, na fundi huitwa. Kanuni za mchezo zimelitambua hili: pini iliyokuwa imesimama baada ya tufe kupita, kisha ikaangushwa na mashine wakati wa kufagia, haihesabiwi kuwa imeanguka. Lazima irudishwe kwa mkono mahali pake. Ni kanuni ya haki sana, maana inamlinda mchezaji dhidi ya bahati ya chuma, na inamlinda pia mpinzani wake.

Hata kosa la kukanyaga mstari limeunganishwa na mzunguko huu. Mwale wa mwanga hupita kwenye mstari wa kurushia. Mguu ukiukata katika tufe la kwanza, mashine hufagia kila kitu, zilizoanguka na zilizosimama, na kupanga kumi mpya kwa ajili ya tufe la pili.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu pini zilikuwa zimekwisha kufanana. Chama cha Marekani kilichoanzishwa New York mwaka 1895 kilikuwa kimeweka vipimo vya kitaifa: umbali wa sentimita 30.5 kati ya pini na pini, pembetatu yenye pande za sentimita 91, njia yenye upana wa karibu sentimita 105. Mashine inayotegemea umbo haiwezi kustahimili pini ya kila seremala. Tunapoulizana kwa nini teknolojia fulani ilichelewa, mara nyingi tunamtafuta mvumbuzi na kusahau kamati iliyokaa miaka mingi mapema ikikubaliana juu ya vipimo.

Leo mashine hizi zina mshindani mkubwa. Katika mashine za kamba, kila pini imefungwa kamba kichwani. Tufe likipita, kamba zote huvutwa, pini zinapanda, na zilizokuwa zimesimama hushushwa tena. Gurudumu halipo, vikapu havipo, trei ya kugeuzia haipo. Umeme unaotumika ni mdogo, vipuri ni vichache, na ukumbi hauhitaji fundi wa kukaa nyuma siku nzima. Ulaya, katika mchezo wa pini tisa, kamba zimezoeleka kwa muda mrefu. Mwaka 2023 chama cha bolingi cha Marekani kilianza kuidhinisha mashindano ya pini za kamba, lakini kama kundi la pekee, kwa kuwa majaribio yake yalionyesha kwamba straiki hupungua. Hilo halishangazi. Kamba hupunguza uhuru wa pini kuruka na kubiringika hadi kuiangusha jirani yake, na uhuru huo ndio unaozaa straiki nyingi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye ukumbi wa familia na sherehe za kuzaliwa anunue mashine ya kamba bila kujiuliza mara mbili. Mafundi wa mashine za zamani ni adimu na vipuri vyake ni ghali. Lakini ukumbi unaotaka kuandaa mashindano ya pini huru ubaki na mashine inayookota, inayogeuza na inayonyanyua kwa shingo, na umlipe vizuri fundi anayeitunza.