Kijana wa Raundi ya 62 na Kijana wa Matairi

Mimi na besiboli tulikutana kwenye simu. Mwaka 2022 rafiki yangu aliyeko Kampala alinitumia video fupi bila maelezo yoyote, alama tatu tu za mshangao. Kijana amechuchumaa kwenye udongo, glovu kubwa mkononi. Mtu asiyeonekana anamrushia mpira, anadaka, anainuka, anarudi chini, mwingine unakuja. Vifaa vyake vya mazoezi ni vya kuokoteza: matairi chakavu na vitu vya aina hiyo. Jina lake Dennis Kasumba, Mganda, mdakaji. Wakati huo video zake zilikuwa zimeshasambaa Marekani, na mashabiki wa huko walikuwa wanaandikiana kama watu waliookota dhahabu njiani.

Niliitazama mara nne. Halafu nikajiuliza: hadithi hii mbona naijua? Sikuwahi kuangalia mechi hata moja ya besiboli, lakini nilijua kila kitakachofuata. Nilijua kuna siku ataitwa, nilijua kuna mzee atakayesema "nilimwona mapema", na nilijua kuna watu watalia. Mtu akijua mwisho wa hadithi kabla haijasimuliwa, ajue kuna hadithi mama mahali fulani. Nikaanza kuitafuta, na nikaangukia kitabu cha Mike Piazza, *Long Shot*, alichokitoa mwaka 2013 akishirikiana na mwandishi wa michezo Lonnie Wheeler. Jina la kitabu ni msemo wa Kiingereza kwa jambo ambalo hakuna aliyetegemea litokee.

Kabla sijaendelea, kwa wale ambao kama mimi hawakuujua mchezo: mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa kinyago na kinga za kifuani na miguuni, akipokea mipira inayorushwa kwa kasi ya kuvunja vidole. Wenzake wote wa timu wanaangalia upande mmoja. Yeye peke yake anawatazama wao. Ndiye anayempa mrushaji ishara ya mpira gani urushwe. Yaani ni mwandishi aliyejificha ndani ya riwaya yake. Tena kazi yenyewe ni ya kuumiza magoti, kwa hiyo kwa kawaida hakuna anayetegemea mdakaji awe pia mpigaji hodari. Akitokea anayeweza yote mawili, watu hurukwa na akili.

Piazza alikuwa huyo. Kila mwaka klabu za Marekani huteua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi. Mwaka 1988 klabu ya Los Angeles Dodgers ilimteua katika raundi ya 62, akiwa mchezaji wa 1,390 kuitwa. Mtu wa namba hiyo hata hapigiwi simu. Miaka mitano baadaye, katika msimu wake kamili wa kwanza, alipiga mipira 35 nje ya uwanja, wastani wake wa upigaji ukawa .318, na wapiga kura wote bila kubaki mmoja wakamchagua mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Dodgers walikuwa wametoka kushika mkia mwaka 1992, kwa hiyo mashabiki walikuwa na njaa. Msimu huo wa 1993 nao hawakutwaa kitu. Lakini siku ya mwisho waliwafunga mahasimu wao San Francisco Giants 12 kwa 1, Piazza akatoa mipira miwili nje, na Giants, waliokuwa wameshinda mechi 103, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu wa Simba au Yanga hahitaji kuelezwa utamu wa siku kama hiyo.

Basi hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa: namba 1,390, kisha ukubwa. Nami nilikifungua kitabu nikitegemea kusimuliwa hivyo hivyo, kurasa baada ya kurasa. Kumbe Piazza mwenyewe anaiharibu. Na hapo ndipo kitabu kinapokuwa kizuri, bila hata kukusudia.

Kwa sababu aliteuliwaje? Kwa koneksheni. Baba yake, Vince, alikuwa tajiri wa biashara ya magari kule Pennsylvania na rafiki wa zamani wa Tommy Lasorda, kocha mkuu wa Dodgers. Lasorda ndiye aliyeomba kijana ateuliwe, kama kumfanyia rafiki hisani. Nyumbani kwao kulikuwa na kizimba cha nyavu cha kufanyia mazoezi ya kupiga, na alipokuwa na miaka 16 Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo, alikwenda pale kumwangalia akipiga, akamsifu. Huyo ndiye kijana tunayeambiwa hakujulikana na mtu. Hata udakaji wenyewe haukuwa wake. Alikuwa anacheza nafasi nyingine, na inavyosimuliwa, Lasorda alimuuliza bosi wa uteuzi: kama angekuwa mdakaji na anapiga namna hii, ungemsaini? Bosi akasema ndiyo. Lasorda akasema, basi ni mdakaji. Suala likaisha hapo.

Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema alibebwa. Na Piazza analijua neno hilo, ingawa kwa lugha yake. Limemkaa kooni toka mwanzo wa kitabu hadi mwisho. Anaeleza jinsi makocha na wachezaji wenzake kwenye ligi za chini walivyomtazama kama mtoto wa rafiki wa bosi, jinsi kila nafasi aliyopata ilivyohesabiwa kuwa upendeleo. Kuna wakati alitaka kuacha kabisa. Wakaguzi kadhaa wa kitabu walilalamika kwamba ana kinyongo kingi mno kwa mtu aliyefanikiwa kiasi hicho, nami sibishi. Kuna kurasa nilizoziruka kwa uchovu. Anahesabu kila aliyemdharau, kama muuza duka na daftari lake la madeni. Lakini kinyongo hicho ndicho kinachotoa ushahidi ambao hadithi ya mashabiki inauficha. Anataka vitu viwili visivyokaa pamoja: tuamini kwamba hakuna aliyemwamini, na papo hapo tujue ni nani hasa walimwamini, kuanzia baba yake.

Sehemu niliyoisoma mara mbili ni ya Jamhuri ya Dominika. Aliomba mwenyewe kupelekwa kwenye kituo cha Dodgers huko, mahali walipofundishwa vijana wa Kidominika, akajifunze kudaka. Mtoto wa tajiri, hajui Kihispania, katikati ya vijana ambao kwao mchezo ule ulikuwa tiketi ya kutoka kwenye umaskini. Hapa palikuwa na kitabu kizima. Wale vijana waliokuwa wanadaka naye ni akina nani? Wangapi walikuwa wazuri kuliko yeye, wakakosa tu mtu wa kuwaombea? Kitabu hakikai hapo. Kinapita, kwa sababu hadithi ya kupanda ina haraka ya kufika juu. Kama ningekuwa mhariri wa Piazza, ningempigia magoti abaki pale kurasa hamsini zaidi.

Mashabiki je? Furaha yao nadhani sasa naielewa. Anayeshangilia kijana asiyetegemewa anajishangilia na yeye mwenyewe, kwa kuwa alimwona kabla dunia haijamwona. Ni furaha halali, na wasomaji tunayo vilevile: nani kati yetu hajawahi kuringia mwandishi aliyemsoma kabla hajapata tuzo? Ila furaha hiyo ina bei. Aliyekugundua hujiona anakumiliki. Mwaka 1998 Piazza alipovutana na klabu kuhusu mkataba mpya, sehemu ya mashabiki wale wale walimzomea, na mwezi Mei akauzwa. Katika kitabu anadai kwamba Vin Scully, mtangazaji mkongwe aliyependwa sana Los Angeles, alichangia kuwageuza mashabiki. Scully alishangazwa na madai hayo. Mimi sidhani ilihitajika sauti ya mtangazaji. Kijana wa raundi ya 62 alikuwa anadai pesa za mtu wa raundi ya kwanza, na hadithi waliyoipenda haikuwa na ukurasa wa namna hiyo. Shujaa aliyetoka chini anatakiwa aendelee kushukuru.

Hapa namkumbuka mdakaji mwingine, wa kubuni. Katika riwaya ya Mark Harris, *Bang the Drum Slowly*, ya mwaka 1956, yupo Bruce Pearson, mdakaji wa kawaida tu kutoka Georgia ambaye wenzake wanamfanya kichekesho. Anaugua ugonjwa usiopona, na anayejua siri hiyo ni rafiki yake mrushaji, ambaye ndiye msimulizi. Wengine wakishaijua, dhihaka zinakoma, na msimu huo Bruce anacheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza. Harris hampi kupanda kwa ajabu wala tuzo. Anamgeuzia msomaji swali: kwa nini ilibidi awe anakufa ndipo mumwone? Nimewahi kusema mahali pengine kwamba riwaya za michezo ni nyepesi. Kwa hii, naomba radhi.

Nirudi Uganda. Kasumba hakuwa na baba mwenye rafiki Dodgers. Alikuwa na kocha na simu. Ndiyo maana hadithi yake inakwenda kinyume na ile ya Piazza, ingawa mashabiki waliisoma kana kwamba ni ile ile. Kwa Piazza, magoli yalitangulia na ngano ikafuata. Kwa Kasumba ngano ilitangulia, na yeye akatakiwa aifukuzie. Alinyimwa viza zaidi ya mara moja kabla ya kuipata, na mwaka 2023 akafika Maryland kuchezea Frederick Keys katika MLB Draft League, ligi ya vijana wanaotaka kuonekana kabla ya uteuzi. Alicheza kidogo. Siku ya uteuzi jina lake halikuitwa. Wale niliokuwa nawafuata, waliokuwa wanaandika kila siku "mpeni nafasi", walinyamaza mmoja mmoja, na sitawalaumu sana, maana hata mimi niliacha kuangalia.

Lakini hebu tuseme ukweli kuhusu hiyo nafasi. Tangu mwaka 2021 uteuzi wa Marekani una raundi 20 tu. Raundi ya 62 haipo tena. Mwaka 2016 Piazza aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Besiboli siku moja na Ken Griffey Jr., aliyekuwa mteule namba moja kabisa wa mwaka 1987, na kila mtu aliusifu mfano ule mzuri: wa kwanza na karibu wa mwisho, wamesimama jukwaa moja. Mlango wa yule wa pili ulikuwa umeshafungwa, na hadithi yake bado inasimuliwa kwa vijana kama kwamba uko wazi. Hilo ndilo linalonikera katika video za matairi na namna zilivyopokelewa. Kijana wa Uganda anapongezwa kwa kukosa vifaa, ukosefu wenyewe unageuzwa urembo wa picha, na hakuna anayeuliza kwa nini mdakaji mwenye miguu kama ile anafanya mazoezi na taka.

Siwezi kumlaumu yeye kwa kuziweka video hizo. Alijua, kuliko mimi mwenye vitabu vyangu, kwamba watu wa mbali hawamwoni mtu mpaka awe hadithi kwanza. Alitengeneza hadithi yake akaisukuma mpaka ikampitisha uwanja wa ndege. Mwandishi gani amefanya zaidi ya hapo kwa dakika moja ya picha?

Juzi nimeifungua tena ile video ya kwanza, nikitaka safari hii kumwangalia mtu mwingine: yule anayerusha mipira. Haonekani hata mara moja. Unauona mpira tu ukiingia kutoka pembeni, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo ule ule, bila kuchelewa.