Kitabu, Santuri na Kipaza Sauti

Uhakiki si kazi ya kutafuta makosa tu. Mhakiki ni mtu apimaye kitu kwa mizani iliyo wazi, akakubali kizuri na kukataa kibaya, kisha akaeleza sababu za kukubali kwake na za kukataa kwake. Shuleni hupewa riwaya, tamthilia na mashairi uvipime. Katika insha hii nataka tupime kitu ambacho hakimo katika orodha ya vitabu vyetu, walakini masikio yetu hukipokea mara nyingi: mazungumzo ya redio ya watu wasio watangazaji kwa kazi, ambao husimulia visa vya kale vya vitabu vitakatifu, na baina ya kisa na kisa wakapiga nyimbo za albamu za zamani za roki na rege.

Zamani za babu zetu jambo hili lilikuwa gumu. Mawimbi ya redio nchini Kenya yalikuwa mikononi mwa serikali, na aliyesema hewani alikuwa mtu wa ajira. Mwaka wa 1996 kituo cha kwanza cha FM cha watu binafsi kilianza Nairobi, na baada yake vikafuata vingine vingi, vikubwa kwa vidogo. Leo Kwale ina vituo vyake, kama vile Radio Kaya, na mtu wa Msambweni au Kinango husikia redioni lafudhi ya kwao. Zaidi ya hayo, mwenye simu ya mkononi aweza kurekodi mazungumzo yake sebuleni akayapeleka mbali bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mlango uliokuwa mwembamba umepanuka. Kupanuka kwake ni neema, lakini mlango mpana hupitisha mengi, na huo ndio mwanzo wa haja ya uhakiki.

Kipindi nitakachokifanya mfano ni cha vijana wawili wa pwani yetu ya kusini, mmoja Mwislamu na wa pili Mkristo. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa vijana hao hawapati mshahara, na nia yangu si kuwaaibisha. Nia yangu ni kuonyesha jambo moja ambalo usiku mmoja walilifanya vizuri sana, na usiku mwingine wakalisahau.

Nianze na uzuri. Usiku huo walichagua albamu ya Bob Marley iitwayo Exodus, iliyotolewa mwaka wa 1977. Walieleza kwamba jina hilo ndilo jina la kitabu cha pili cha Biblia kwa Kiingereza, ambacho sisi twakiita Kutoka. Walisimulia jinsi Musa alivyowaongoza Wana wa Israeli kutoka utumwani Misri. Walisimulia pia jinsi Marley alivyoshambuliwa kwa risasi nyumbani kwake Kingston, Desemba 1976, akaondoka Jamaika, na sehemu kubwa ya albamu hiyo ikarekodiwa London. Hivyo msikilizaji alielewa kwamba mwimbaji wa safari alikuwa yeye mwenyewe safarini.

Kisha wakafanya jambo ambalo mwalimu yeyote angelifurahia. Walitaja Shungwaya. Wazee wa Wadigo, kama wazee wa Wamijikenda wengine, husimulia kwamba watu wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakakimbia adui, wakashuka pwani na kujenga makaya ndani ya misitu. Kaya Kinondo, karibu na ufuo wa Diani, ingalipo hata leo, nayo ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Vijana wetu waliziweka safari tatu pamoja bila kuzichanganya. Safari ya Musa yaelekea nchi iliyoahidiwa. Safari ya Marley yaelekea Afrika, ambako wazee wa watu wake walichukuliwa utumwani. Safari ya Shungwaya ni ya kutafuta usalama. Tena walisema kwa insafu, "Hivi ndivyo wazee wasimuliavyo, wanahistoria hawajakubaliana juu ya habari hii." Sentensi hiyo moja haikuipunguzia hadithi utamu, bali iliiongezea heshima, kwa sababu msikilizaji aliambiwa ni nani anayesema.

Sasa nije kwenye upungufu. Juma lililofuata walichukua kisa cha Nabii Ibrahimu na mwanawe, pamoja na albamu ya Bob Dylan iitwayo Highway 61 Revisited, ya mwaka wa 1965. Uchaguzi ulikuwa wa akili. Katika wimbo ulioipa albamu jina lake, Dylan anasimulia kwa mzaha mchungu jinsi Mungu anavyomtaka Ibrahimu amtoe mwanawe, na mahali panapotajwa kwa kazi hiyo si mlima bali ni barabara kuu ya Marekani, ile ishukayo kutoka upande wa Minnesota, alikozaliwa Dylan, hata New Orleans. Babake Dylan mwenyewe aliitwa Abram. Hapo palikuwa na mengi ya kusema.

Lakini mmoja wao alianza, "Kitabu kimesema kondoo alishuka kutoka peponi." Ni kitabu kipi, msomaji? Katika Mwanzo, sura ya 22, Ibrahimu anainua macho na kumwona kondoo dume amenaswa pembe zake kichakani. Katika Kurani, sura ya 37, yasemwa kwamba mwana alikombolewa kwa dhabihu iliyo kuu. Habari ya mnyama kushuka kutoka peponi imo katika maneno ya wafasiri. Maneno ya wafasiri yana thamani yake, lakini ni maneno ya wafasiri. Baadaye msikilizaji mmoja alileta ujumbe akiuliza jina la mwana huyo. Mtangazaji alicheka, akasema ni yule yule tu, akapiga wimbo.

Usidhani kwamba hili ni dogo. Katika wilaya zetu Mwislamu na Mkristo hukaa ua mmoja, huchota maji kisima kimoja, na pengine huitana mjomba na shangazi. Idi ya Mfunguo Tatu inapofika, mbuzi huchinjwa kwa ukumbusho wa kisa hicho, na nyama hupelekwa kwa jirani bila kuulizwa dini yake. Swali la jina la mwana laweza kuwa mazungumzo ya kirafiki barazani, au laweza kuwa ugomvi. Jibu lilikuwa karibu. Mwanzo yamtaja Isaka. Aya za sura ya 37 zinazosimulia ndoto na dhabihu hazimtaji mwana huyo kwa jina; wengi wa wanazuoni wa Kiislamu husema ni Ismaili, ingawa mfasiri mkubwa Tabari, aliyekufa mwaka wa 923, aliegemea upande wa Is-haka. Jibu hilo halichukui hata dakika moja. Lingalimheshimu kila msikilizaji, na hakuna ambaye angaliona imani yake imechezewa.

Upungufu huo uliuharibu hata muziki. Vijana walimsifu Dylan kwa "kukieleza kisa cha Biblia." Dylan hakukieleza. Beti zinazofuata katika wimbo huo zaleta watu wa hila na wa biashara, mpaka afike mtu atakaye kufanya vita vya dunia kuwa tamasha la kuuza tiketi. Shabaha yake ni dunia ambayo kila kitu, hata damu, chaweza kupelekwa sokoni. Mwaka wa 1969 Leonard Cohen aliimba kisa hicho hicho kwa kinywa cha mtoto mwenyewe, mwenye umri wa miaka tisa, na mwishowe akawageukia watu wazima wa zama zake wanaotaka kuwatoa watoto sadaka. Mwanzo husema juu ya utii. Dylan asema juu ya uuzaji. Cohen asema juu ya hofu ya mtoto. Anayezichanganya sauti hizi husikia kelele moja tu mahali palipokuwa na hekima tatu.

Albamu nazo huzaa hadithi zao. Kabla ya kufunga kipindi, mtangazaji mmoja alisema kwamba wimbo Stairway to Heaven wa kundi la Led Zeppelin, uliotolewa mwaka wa 1971, ukipigwa kinyumenyume hutoa maneno ya kumsifu Shetani. Uvumi huu ulipata nguvu Marekani, hata mwaka wa 1982 wimbo huo ukapigwa kinyume mbele ya kamati ya wabunge wa jimbo la California. Lakini mwaka wa 1985 watafiti wawili wa Kanada walionyesha kwamba wasikilizaji wa maneno yaliyogeuzwa hawaambulii maana yake; husikia yale waliyokwisha kuambiwa kwamba watayasikia. Nao uvumi ni hadithi, na wafaa kusimuliwa kama uvumi.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuwanyamazisha wote wasiosomea dini. Sikubaliani nao. Pwani yetu haikuwaachia wanazuoni peke yao visa vya mitume. Tenzi za Ayubu na za Yusufu zilisomwa majumbani, zikahifadhiwa vifuani na wake kwa waume, na washairi walivipamba visa hivyo kadiri ya ufundi wao. Lakini tazama tofauti. Utenzi ulikuwa na muhuri wake: vipande vinne, mizani nane, vina vyake na sauti yake ya kughaniwa. Aliyeusikia alijua mara moja kwamba huyu ni mshairi, si Kitabu. Mazungumzo ya redio hayana mizani wala vina. Aya, tafsiri, wimbo, uvumi na maoni ya msemaji hutoka vyote kwa sauti moja ya maongezi, kama maji ya mito mingi yaliyomiminika baharini. Kwa hiyo lile lililofanywa na vina katika utenzi, sharti lifanywe na msemaji kwa maneno yake mwenyewe: "hapa ni Kitabu," "hapa ni mfasiri," "hapa ni mwimbaji," "hapa ni mimi."

Hukumu yangu basi ni hii. Kipindi cha vijana hawa chafaa kusikilizwa, na usiku wa Exodus ulikuwa bora kuliko masomo mengi niliyoyasikia darasani. Makosa yao hayakutokana na ukosefu wa shahada, maana usiku wa kwanza hawakuwa na shahada zaidi ya usiku wa pili. Tofauti ilikuwa matayarisho na adabu ya kutaja chanzo. Afanyaye kazi bila malipo husamehewa sauti ya kukwaruza na ukimya wa bahati mbaya kati ya nyimbo. Hasamehewi kumpa Mungu au nabii maneno asiyoyasema, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililopita hewani halirudi kinywani.

Na wewe, msomaji, usingoje redio itengenee. Utakaposikiliza kipindi cha namna hii, chukua karatasi uigawe safu nne: Kitabu, mfasiri, mwimbaji, msemaji. Kila neno lisikialo kuwa kubwa liandike katika safu yake. Usilojua safu yake, kesho muulize maalimu wa madrasa, padre, au mzee wa kaya, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Ukiona safu ya msemaji imejaa na safu ya Kitabu i tupu, utajua umepewa nini usiku huo; na siku utakapoketi wewe mbele ya kipaza sauti, utajua unachodaiwa na wasikilizaji wako.