Mstari Mwekundu: Ujumbe wa Annexe katika Kompyuta ya Linux

Mwandishi wa makala haya hakukusudia kuhakiki mashine. Kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa tasnifu ya mwanafunzi mmoja tuliyemsimamia, iliyohusu Kiswahili kinachoandikwa katika jumbe za simu na wakazi wa Annexe, komini inayouzunguka mji wa Lubumbashi. Jumbe zilikusanywa Kasungami na Luwowoshi, kwa idhini ya wenyewe. Sura ya nne ilidai kwamba waandishi hao, hususan vijana, wameanza kuziacha sifa za Kiswahili cha Lubumbashi na kukikaribia Kiswahili sanifu: kiambishi ba- cha watu kinapungua, wa- kinaongezeka, asubuyi imekuwa asubuhi. Lilikuwa dai zito, nasi tulilifurahia kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha tukaomba kuziona jumbe zenyewe ndani ya simu. Hazikusema hivyo.

Kilichotokea kinastahili kuelezwa, kwani kinaweza kumpata mtafiti yeyote. Mwanafunzi alikuwa na kompyuta kuukuu iliyowekewa Linux, mfumo usiodai ada ya leseni na unaoweza kuiamsha mashine ambayo wengine wameshaitupa. WhatsApp ilipotoa programu zake za kompyuta ya mezani Mei 2016, ilizitoa kwa Windows na Mac tu. Mtumiaji wa Linux alibaki na njia ya kivinjari, iliyofunguliwa Januari 2015: hufungua ukurasa, huielekezea kamera ya simu mraba wa msimbo wa QR, na mazungumzo yake yakajitokeza kwenye skrini. Hadi mwaka 2021 simu ilibidi iwe macho wakati wote. Umeme ukikatika na betri ya simu ikiisha, kompyuta nayo ilikuwa bubu. Tangu mwaka huo vifaa hadi vinne vimeweza kuunganishwa bila kuitegemea simu kila dakika. Kwa mtafiti hii ni neema. Ujumbe hunakiliwa kama ulivyo na kubandikwa katika LibreOffice, bila kuuandika upya kwa mkono na kuuharibu njiani.

Uharibifu ulitokea baada ya kubandika. Tuchukue sentensi ya kawaida kabisa: Batakuya lundi asubuyi. Mkazi yeyote wa Annexe ataielewa, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hatashindwa nayo akishaambiwa kwamba lundi ni Jumatatu kwa Kifaransa. Kompyuta ikiwa na kamusi ya tahajia ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi mjini kwetu, itapiga mstari mwekundu chini ya batakuya na asubuyi. Neno pekee litakalopita salama katika sentensi hiyo ya Kiswahili ni lundi. Mwanafunzi wetu aliliona hilo kuwa kinyume cha haki, akaiweka kamusi ya Kiswahili. Kamusi hiyo hubeba alama sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Sasa maneno yote matatu yakawa mekundu. Akabofya, akachagua, akasafisha: Watakuja Jumatatu asubuhi. Alifanya hivyo kwa jumbe nyingi, usiku baada ya usiku, akiamini kwamba anaondoa makosa ya vidole. Mabadiliko ya lugha aliyoyagundua katika sura ya nne yalikuwa yake mwenyewe.

Tusiharakishe kumlaumu, wala tusiwalaumu waliotunga kamusi hiyo. Mradi wa Linux ya Kiswahili ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa kazi ya heshima. Kabla yake ofisi nzima ya kompyuta haikuwa na amri moja katika lugha yetu. Wafasiri wake walifuata usanifu walioukuta. Usanifu huo ulianza na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyowakilisha Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwamo. Si ajabu, basi, kwamba hata leo maktaba ya msingi ya Linux, glibc, ina sw_KE na sw_TZ katika orodha yake ya lugha na nchi, wakati Kongo imo humo kwa Kilingala.

Ingawa hivyo, mashine iliwahi kukisikia Kiswahili chetu. Katika CLDR, hazina ambamo programu nyingi huchota majina ya siku na miezi, kuliwekwa orodha chini ya msimbo swc, Kiswahili cha Kongo. Humo mna siku ya yenga kwa Jumapili, mwezi ya munane, mwezi ya tisa, ya asubuyi, ya muchana. Tulipoisoma mara ya kwanza tulicheka kwa furaha. Furaha haikudumu, maana orodha yenyewe ina kasoro: mwezi ni wa kwanja ilhali siku ni ya kwanza, kana kwamba waliiandika watu wawili wasioonana. Jumamosi ni siku ya sita, bila kumbukumbu ya posho, neno lililoipa Jumamosi jina katika sehemu nyingi za Kongo kutokana na mgawo wa chakula kwa wafanyakazi. Tena siku ya tatu humo ni Jumatano. Mgeni wa pwani aliyezoea kuhesabu kuanzia Jumamosi ataisoma kuwa Jumatatu na kufika siku mbili kabla ya mwenyeji wake. Hata hivyo ni kasoro za mtu aliyejaribu kusikiliza. Baadaye msimbo swc ulifanywa kuwa jina jingine tu la sw_CD.

Mwenzetu mmoja katika idara alishauri kwamba tiba ni kuwafundisha wanafunzi Kiswahili sanifu, ili wasitume tena vitu vya kusahihishwa. Kwa barua rasmi na kwa mitihani tunakubaliana naye. Kwa data, hapana. Mwaka 1965 André Yav aliandika hapa hapa historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, kwa tahajia isiyofuata shule yoyote. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 hakuisafisha: aliiweka kama ilivyo, kisha Kalundi Mango akaisoma kwa sauti, na maneno yaliyoshikamana kwenye karatasi yakaachana masikioni. Lau maandishi yale yangepitia LibreOffice yenye sw_TZ mikononi mwa mtu mwenye bidii, tungebaki na hadithi nzuri isiyo na mwandishi.

Orodha ya maneno ya kamusi hizi ni faili la maandishi ya kawaida. Yeyote anaweza kulifungua, kuongeza batakuya na asubuyi, na kuligawa. Hiyo ndiyo fahari ya Linux, na ndiyo aibu yetu, kwa kuwa sisi wenye shahada za Kiswahili hatukulifungua. Hata tukilifungua, itabidi tuamue kati ya munane na munani, na yule tutakayemkataa atapata mstari mwekundu kutoka kwetu. Binafsi ningependa orodha inayokubali yote mawili, na nisingeona haya ikiitwa ya kizembe.

Kwa sasa tumeweka sharti dogo kwa wanaokusanya jumbe: kabla ya kubandika, lugha ya matini katika LibreOffice iwekwe kuwa hakuna, na ukaguzi wa papo hapo uzimwe kwa Shift na F7. Nakala ya kwanza haiguswi. Masahihisho, yakihitajika, hukaa katika safu ya pembeni. Mwanafunzi wetu amerudi Kasungami na simu yake, akaomba wenye jumbe wazisome kwa sauti. Mmoja wao, alipoonyeshwa ujumbe wake ukiwa na neno watakuja, aliuliza ni nani aliyemwandikia.